Kiti Alichodaiwa Fundi

"Dada, naomba umwambie mama wa mbele yangu ainue kiti. Hii ni mara ya tatu nasema."

Mhudumu wa ndege akamtazama fundi, kisha akamtazama mama aliyelala mbele yake, kilemba chake cha bluu kikikaribia kidevu cha fundi.

"Baba, si umwambie mwenyewe? Yuko hapo hapo, na anakusikia."

"Siwezi. Ni mkwe wangu."

"Basi si vizuri? Mnajuana."

Fundi angemwelezaje binti mdogo kama huyu kwamba tatizo ni hilo hilo, kujuana?

Alikuwa fundi wa makochi, mrefu mpaka mtaani wakamwita Ngongoti, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kumkaribia mama mkwe kuliko upana wa sebule. Humwamkia akiwa mlangoni, macho sakafuni, na akimaliza hupata kazi ya haraka nje. Leo pumzi yake tu ilikuwa inampepea mama kilemba.

"Mwambie wewe," akamnong'oneza mkewe aliyekaa dirishani.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba haya mambo yana ustaarabu wake. Mtu akitaka kulaza kiti anageuka kwanza, anaangalia nyuma kuna nani, anaomba, ndipo anakilaza polepole. Na chakula kikija anakiinua. Ndivyo watu wanavyosafiri."

"Umejuaje, na wewe hujawahi kupanda ndege?"

"Mimi ni mtu wa viti."

"Ehee, mtu wa viti!" Mkewe akageukia mawingu. "Basi mpe mama habari za viti kwa mdomo wako. Atafurahi sana kuzisikia kwako."

Maneno hayo yalimchoma mahali penyewe. Siku alipokuja kuposa, mama hakudai makubwa. Kiuno kilikuwa kinamsumbua, akasema kwa kuwa mkwe ni fundi, anataka kiti kimoja tu chenye mgongo wa kuegemea vizuri. Fundi akasema, mama, hiyo ni kazi ya wiki mbili. Na kweli akakitengeneza. Siku ya kukipeleka akapita meneja wa benki, akakikalia, akakitaka, akaondoka nacho. Miaka minne baadaye akatengeneza cha pili, kikachukuliwa na mwalimu mkuu. Cha tatu alikiuza kikiwa kimeshafungwa kamba juu ya mkokoteni, kwa mtu waliyekutana naye njiani. Kila mara alijiambia kwamba mteja hangoji, na mama ni mtu wa nyumbani, ataelewa.

Mama alielewa. Hakugomba wala hakutuma mtu. Aliacha tu kukaa. Akija kwa binti yake alikunywa chai amesimama, alibembeleza wajukuu amesimama, na sebule ile ilikuwa na makochi matatu na viti sita vya mezani. Akikaribishwa husema, "Ahsante, wanangu, nangoja changu." Watoto wa fundi walikua wakiamini bibi yao ana maradhi ya kutokunja magoti.

Sasa kitinda mimba wa mama alikuwa anaoa mji wa mbali, akawatumia tiketi tatu, na kwa mara ya kwanza tangu posa mama alikuwa amekaa mbele ya mkwe wake. Muda mfupi baada ya kupaa, mgongo wa kiti ulishuka kwa kishindo. Juisi ikamwagika, magoti ya fundi yakabanwa kama ubao kwenye jiliwa. Hakuwa na shaka hata kidogo: mama kangoja miaka kumi na tisa, leo kampata.

Alisimama. Aliona afadhali asimame hadi wafike kuliko kupakata kichwa cha mkwe. Mhudumu akamwambia akae, afunge mkanda. Akakaa upande, miguu njiani, kigari cha chakula kikaja kikamgonga ugoko. Akairudisha ndani.

Chakula kilipofika, mbele kukawa na purukushani. Mgongo wa kiti ukainuka, ukaanguka. Ukainuka tena, ukaanguka tena.

"Unaona?" fundi akamwambia mkewe. "Anauinua ili aniangushie upya."

Ulipoanguka mara ya tatu aliudaka kwa kiganja, na kiganja kikamwambia jambo. Mkono wa fundi hauna haya ya ukwe. Vidole vikateremka ubavuni mwa kiti, vikapapasa, vikakuta kile chuma kinachokamata mgongo kimelika chote. Kiti kilikuwa kinaning'inia kama mlango uliobaki na bawaba moja. Mama hakuwa amebonyeza kitufe chochote. Wala hakujua kuna kitufe.

"Mama," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilitokea karibu mno.

"Kiti hicho ni kibovu."

"Si najua? Nimekaza tumbo tangu tunapaa nisikuangukie. Nikachoka."

"Mbona hukusema?"

"Nigeuke nimwambie mkwe wangu nini? Kwamba naja mapajani?"

Mhudumu alipoitwa alisema ndege imejaa, hakuna pa kumhamishia. Mke akashauri wabadilishane. Wakafikiri. Fundi akikaa mbele, yeye ndiye atakayemwangukia mama. Mke akienda mbele, mama atakaa bega kwa bega na mkwe. Shauri hilo halikutajwa mara ya pili.

Fundi akakunja miguu, akaweka magoti yote mawili kwenye mgongo wa kiti, akasukuma mpaka ukasimama wima.

"Egemea, mama."

"Nitakuumiza."

"Egemea tu."

Mama akaegemea kwa woga, kisha akaegemea kwa uzito wake wote. Akala chakula chake amekaa sawasawa kama watu wengine. Fundi hakuweza kufungua meza yake, mkewe akamlisha kwa kijiko, naye hakuacha kumcheka. Ndege ikatikisika, fundi akasukuma. Saa nzima ikapita, miguu ikafa ganzi, akasukuma. Halafu, bila kuulizwa, akapandisha goti la kushoto kidogo, pale ambapo springi ya kiuno hukaa.

"Hapo hapo," mama akasema, akalala usingizi.

Walipotua abiria wote walisimama isipokuwa fundi, aliyekuwa anatafuta miguu yake. Mkewe akamvuta mkono mmoja. Mama alikuwa ameshatoka kitini, kasimama njiani na mfuko wake, anamtazama usoni bila haya yoyote.

"Kiuno hakijauma," akasema. "Kile kiti nilichokuwa nakudai, acha. Nimeshakikalia. Nikija kwenu nitakaa kwenye chochote nitakachokikuta."

Fundi akashikwa na aibu. "Lakini mama, mbao zake zipo. Nimeshazipiga na randa."

"Ziuze," mama akasema, akaanza kuelekea mlangoni. "Si uliviuza vile vitatu?"