Mume Aliyekimbia na Majibu Yake

Naikumbuka asubuhi moja pale Mahajanga, mji wa bandari kule ng'ambo nilikokaa zamani, miaka ile bendera ya Wafaransa imeshushwa juzijuzi tu. Nilikuwa nakuna nazi uani. Mume wangu Salimu akaingia kutoka hospitali, hata viatu hajavua, akaniambia, "Damu yangu ina sukari." Nikacheka, mwanangu. Salimu alikuwa mtu wa mizaha, nami nikadhani ananitania tena. Nilipoinua macho nikamwona usoni, nikaiacha mbuzi ya nazi na kicheko kikanikauka.

Alikuwa karani bandarini, na kila mwaka ofisi yao iliwapeleka watu wake kupimwa damu. Miaka mingine alirudi akijigamba kwamba damu yake ni ya simba. Mwaka ule daktari akamwambia ana maradhi ya sukari, atumie dawa, aache vitamu, na arudi kupimwa mara kwa mara. Salimu alisikia neno moja tu, sukari. Maradhi hayo ndiyo yaliyomuua baba yake, baada ya kukatwa mguu mmoja kisha wa pili.

Hapa nikueleze jambo la kwetu, maana wewe umezaliwa huku Unguja. Sisi wenye asili ya kisiwa cha Ngazidja, nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na sanduku lake. Ile nyumba yetu ya mabati, mtaa wa Mahabibo, nilijengewa mimi na baba yangu, na Salimu alikaa humo kwa heshima zote. Lakini mwanamume wa namna hiyo akihisi sasa atakuwa mtu wa kuuguzwa, hushikwa na haya. Huona bora arudi kwa mama yake au dada yake kuliko kumwelemea mkewe. Baba yake alifanya hivyo, na Salimu naye akafanya vilevile. Hata wiki haikuisha, akabeba sanduku, akapanda boti kwenda kisiwa cha Nosy Be kwa dada yake Zaina.

Nami nikamwacha aende! Kwetu mke hamfuati mume aliyejiondokea. Sokoni watamsema mpaka achakae. Nikajitia ujabari, nikasema aende zake, nani atamlilia?

Lo! Nilimlilia mimi. Upweke, mwanangu, usikie kwa wengine tu. Nilipika wali wa watu wawili, nikaumwaga wa mmoja. Nilimtamani hata kwa kukoroma kwake, kukoroma ambako nilikuwa nikikulalamikia kwa kila jirani. Ijumaa wanaume walipotoka msikitini nilisimama dirishani nikitazama migongo, labda mmoja utakuwa wake. Mtu akikohoa barazani, moyo mbio. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki, na mimi Mahabibo nzima ilinisikia nakohoa.

Kisha wasafiri wakaleta habari. Salimu tangu afike kwa dada yake hajakanyaga hospitali. Tena amekonda, na kila jioni Zaina anampikia godrogodro, ile keki yetu ya nazi na vanila, tamu mpaka meno yanauma, ili kumwondolea huzuni. Nikajua sasa kwamba nikizidi kukaa, nitaletewa habari ya maziko.

Koko, ndivyo sisi tunavyomwita bibi, alinikuta nalia juu ya sufuria. Usidhani alinibembeleza. Yule hakuwa bibi wa kubembeleza.

"Amekufa?" akaniuliza.

"Hajafa, Koko."

"Basi hayo machozi yaweke, siku yake haijafika. Mgonjwa haulizwi uji, nawe umekaa hapa unamsubiri aje akuombe! Nyumba hii ya nani?"

"Yangu."

"Mwenye nyumba ndiye anayesema nani auguzwe ndani yake. Inuka ukamchukue mtu wako."

Nikainuka. Lori likanitingisha kwenye njia mbovu mpaka Antsahampano, penye kivuko, toka hapo nikavuka kwa boti, nimeroa, nimetapika, sina sura ya mke wala ya mtu. Salimu alikuwa ameketi uani kwa dada yake. Aliponiona akaruka.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kabla hajafa."

Akainamisha kichwa. "Nitakuwa mzigo nyumbani kwako."

"Nyumba yangu, mzigo wangu," nikamwambia. "Wewe yakuhusu nini?"

Akacheka. Wallahi alicheka, kisha akalia, nami nikalia, na Zaina akatoka jikoni na sahani ya godrogodro akauliza kuna nini. Maskini, hakujua lolote! Alikuwa ameambiwa ni uchovu tu. Aliposikia neno sukari alikaa chini akajishika kichwa. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua, na pale ilibaki kidogo tu. Mimi aliniambia ukweli akanikimbia, dada yake alikaa naye akamficha.

Tukarudi Mahajanga. Kila siku ya kupimwa nilifuatana naye, naye hupimwa hajala, basi nami sikutia kitu tumboni mpaka atolewe damu kwanza. Yako majibu yaliyokuwa mema, tukarudi tunatembea kwa maringo. Yako yaliyokuwa mabaya, na siku hizo Salimu alinuna, nami nikanuna naye, tukanywa chai yetu kavu isiyo sukari mpaka mmoja aone upuuzi wa jambo lenyewe. Aliishi akaona wajukuu. Amekufa mzee, na miguu yake yote miwili. Bado namtamani. Nimezeeka, nimehama nchi, nyumba ya Mahabibo wanakaa wengine, na kila nikiamka mkono wangu unamtafuta kitandani.

Sasa wewe. Nasikia umepimwa damu kazini kwenu, na majibu hujaenda kuyachukua, unapita nje ya hospitali ukiangalia upande wa pili. Ebo! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Damu imeshasema, iliyobaki ni wewe kusikiliza. Kapimwe kila mwaka hata ukijiona mzima, maana Salimu naye alijiona mzima. Na majibu yakitoka, usiyabebe ukakimbia nayo kwa mtu usiyetaka kumwambia. Mwambie mkeo. Usimwamulie kwamba wewe ni mzigo. Mwache aseme mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe damu safi na umri mrefu. Na siku akikujaalia maradhi, akujaalie pia mtu wa kupanda lori kukufuata. Amin.