Wimbo wa Nne, CD ya Pili

Kwaya yetu ya akina mama ilirekodi CD mbili kule Bungoma. Nyimbo kumi kwa kumi, zikauzwa pamoja. Kila wimbo una mama aliyeuanzisha, sisi wengine tunaitikia. Hao waanzishaji ishirini nawakumbuka wote, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, hata yule aliyekuwa na mafua siku hiyo. Hapa siwataji, wasije wakanisimamisha mlangoni mwa kanisa.

Aliyechapisha jalada alikosea. Majina ya CD ya kwanza aliyarudia kwa ya pili, vile vile. Mimi nilianzisha wimbo wa nne wa CD ya kwanza. Wa nne wa CD ya pili ni wa rafiki yangu anayekaa Moi's Bridge, lakini jalada likasema ni mimi tena. Akaamini nilipanga na mchapishaji. Nilimweleza mpaka nikachoka. Yeye ni jibu moja tu: "Karatasi haidanganyi." Tangu hapo hajakanyaga kwangu, na tulikuwa tunapalilia shamba moja.

Mwaka huu mjukuu wangu, msichana wa mwanangu hapa Kitale, aliingiza CD zangu kwa kompyuta kwa sababu redio imeanza kuzikataa. Tukasikiliza. Ukaja wimbo wa kwanza, halafu wa kwanza mwingine, wa pili, wa pili mwingine.

"Kukhu," akasema, maana kwetu bibi huitwa hivyo, "sikuiambia hii ni CD ya kwanza na hii ni ya pili. Imefuata namba za nyimbo tu."

"Basi iambie. Sisi hatukuimba hivyo."

Akaandika CD ya kwanza kati ya mbili, CD ya pili kati ya mbili, zikajipanga. Lakini majina alikuwa amenakili kwa jalada. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, ila jina langu nalijua, na nililiona mara mbili.

"Futa hilo la pili," nikasema. Nikamtajia wote ishirini, yeye anaandika. Alipomaliza, kazi yote ikatawanyika, maana kompyuta ilipanga kwa jina la mwimbaji, kila mama amekaa peke yake na wimbo wake mmoja.

"Kukhu, si tuandike tu kwaya kila mahali? Zitarudi pamoja."

"Hapana. Kwaya haianzishi wimbo. Mtu ndiye huanzisha."

"Wewe ni mgumu, bana!" Akacheka, akatafutatafuta, akapata kuna nafasi mbili za majina. Kwa mwenye albamu akaandika kwaya, kwa mwimbaji akaacha jina la kila mama. Zikarudi CD mbili, kumi na kumi, kila mtu na wimbo wake.

Nikapiga simu Moi's Bridge kabla chai haijapoa.

"Wimbo wako una jina lako sasa," nikamwambia. "Mjukuu ameandika kwa kompyuta."

"Ameandika lipi? La ubatizo ama la nyumbani?"

"Yote. Na la baba yako."

"Na lako?"

"Limetoka hapo. Nimebaki na wimbo wangu mmoja."

"Mmoja unakutosha, na sauti hiyo yako ya kuku!"

Niliposikia tusi hilo nilijua tumepatana.

"Hebu weka nisikie," akasema.

Mjukuu akauweka. Rafiki yangu akaimba kwa simu pamoja na sauti yake ya zamani, ameanza juu sana kama kawaida, nami na kikombe mkononi nikaitikia.