Maneno Niliyoyabeba Pasaka Ile

Mwaka ule wa Korona nyumba yetu ilinuka klorini. Harufu ilikuwa kwenye ndoo ya kunawia pale mlangoni, kwenye vitasa, na zaidi ya yote kwenye mikono ya mama, aliyekuwa muuguzi katika zahanati moja mjini Karatu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa pekee. Shule zilikuwa zimefungwa, masika yamegeuza njia za Ganako, mtaa wetu, kuwa tope jekundu, na barabara ya kupanda Ngorongoro, iliyozoea kunguruma kwa magari ya watalii tangu alfajiri, ilikuwa kimya hadi nikasikia kuku wa jirani wakiparura majani. Baba, dereva wa watalii, hakuwa na wa kumwendesha, akaenda Mbulu kumsaidia kaka yake shambani. Mama naye, kwa kuhofia kuniambukiza, alihamia jiko la nje. Akirudi kazini alipitia nyuma, akaoga, akalala hukohuko. Kwa wiki tatu hakuwa amenigusa. Tulizungumza yeye akiwa mlangoni mwa jiko, mimi barazani, ua mzima katikati yetu.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, bila kutuarifu, wazazi wa mama waliingia kutoka kijijini kwao Ololosokwan. Babu alikuwa amejifunga shuka mbili kwa baridi, na Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alibeba kibuyu cha maziwa mgongoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilihisi kupona kweli. Nilikimbia nikainamisha kichwa ili babu anishike utosini, kama mtoto wa Kimaasai anavyomwamkia mkubwa. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka mama alipopaza sauti kutoka jikoni: "Baba, usimguse! Msinikaribie na mimi. Nahudumia wagonjwa." Babu aliushusha mkono polepole. Hakuna mtoto wake aliyewahi kumpigia kelele. Aliingia ndani, akaketi akiupa mlango mgongo hadi giza likaingia.

Siku ya Pasaka mvua ilipiga bati tangu asubuhi. Koko alipika nyama ya mbuzi na wali kwenye jiko la mkaa barazani. Sahani ya mama niliiweka juu ya jiwe katikati ya ua, nikarudi nyuma, ndipo akaja kuichukua, amejifunika koti la baba. Sisi watatu tulikula sebuleni, kila mtu pembe yake. Niliisikia mifupa ikigonga sahani. Babu alipomaliza alinawa, akaniita.

"Mwambie mama yako kesho tunapanda basi la kwanza. Mtu hafukuzwi mara mbili."

Mjumbe hauawi, lakini hakuna aliyenifundisha mjumbe afanye nini anapobeba neno litakalomwacha peke yake. Nilivuka ua nikilowa, nikasimama hatua chache kutoka kwa mama.

"Babu anasema nyama ilikuwa nzuri. Anauliza kama wanaweza kukaa hadi Jumatano."

Alinitazama. "Babu yako ameuliza?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie hapa ni kwao. Ila masharti ni yaleyale."

Nilirudi sebuleni, maji yakinichuruzika. "Mama anaomba msamaha, babu. Anaomba mkae hadi Jumatano."

"Amesema msamaha?"

"Ndiyo."

Babu alimtazama Koko, kisha akavua viatu vyake vya matairi, akavipanga ukutani. "Basi tutakaa."

Uongo wangu uliishi siku moja tu. Jumatatu mvua ilikatika, na Koko, akiwa barazani, alimwambia mama kwa furaha, "Baba yako ameupokea msamaha wako." Macho ya mama yalinijia mimi, nami nikatazama tope. Kisha akasema, "Mwambie nashukuru, mama." Baadaye aliniita karibu na jiko.

"Nani amekufundisha kusema uongo?"

"Hakuna mtu."

"Kwa nini, sasa?"

"Wakiondoka nitabaki peke yangu."

Nilingoja anikaripie. Aligeuka akachochea moto, ingawa hapakuwa na kitu mekoni. "Hata mimi nabaki peke yangu," alisema, akiwa bado amenipa mgongo.

Jumatano waliondoka. Wiki mbili zilizofuata niliamka kila siku na hofu kwamba nimewaua, kwa kuwabakiza karibu nasi. Sikumwambia mtu. Mama alikuwa akipanda kilimani nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, nami nilikuwa nikiusoma mwendo wake akishuka. Hatimaye habari zikaja: wazima wote, ng'ombe wamepata majani. Koko alifariki miaka miwili baadaye, kwa maradhi mengine kabisa. Hakuwahi kurudi Karatu.

Sasa nasoma chuo Arusha. Magari ya watalii yamejaa tena, baba yuko barabarani majuma mazima, na mama amerudi kulala chumbani kwake. Pasaka iliyopita alinipigia simu kuniambia babu amefika na ananiulizia. Nikasema nina mitihani. Haikuwa kweli, mitihani ilikuwa bado mwezi mzima, na basi la Karatu huondoka karibu na ninapoishi. Safari hii hakuna aliyenizuia kwenda kuinamisha kichwa mbele ya babu. Nilipika wali, nikala nimekaa kitandani, nikaosha sahani moja.