Ziwa la Jua Kati ya Malori

Muuguzi, mama wa makamo, alimlaza binti yangu chali juu ya meza, akamshika vifundo vya miguu na kuvikutanisha. Vifundo viligusana. Magoti hayakugusana. Kati yake palibaki uwazi, na yule mama akaingiza ngumi yake humo, ikapita bila kugusa goti la upande huu wala la upande ule. Kisha akaitoa, akaniinulia niione.

"Mwalimu, umeona? Mutoto huyu amekosa jua."

Niliona ajabu kuambiwa hivyo Bujumbura, tena kiangazi. Nje ya zahanati ile jua lilikuwa limeunguza majani mpaka mizizi, na vumbi limekaa juu ya kila bati. Lakini alisema kweli. Kabla ya kuhamia mtaa wa Buyenzi tulikaa mtaa wa Kinama, na kwa sababu ya vita mwaka wetu wa mwisho kule tuliuishi ndani. Tulisimamisha magodoro dirishani kuzuia risasi, kama walivyofanya majirani wote, na binti yetu alijifunza kusimama, kisha kutembea, katika chumba kilichowashwa taa mchana. Alipofika miaka mitatu, miguu yake ilikuwa imepinda kwa nje mfano wa mabano.

Muuguzi alinieleza taratibu, na namshukuru hadi leo kwamba hakunifokea. Mifupa ya mtoto, alisema, bado ni laini. Inahitaji jua juu ya ngozi, inahitaji ndagala, dagaa wa ziwani wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na inahitaji kukimbia. Si kukaa juani, alisisitiza, maana jua la saa sita litamtia homa tu. Kukimbia asubuhi, kila siku. Mvua zikianza nimrudishe. Kama ngumi itakuwa bado inapita, itabidi apelekwe hospitali kubwa, mifupa ivunjwe na kufungwa plasta.

Nilitoka pale nimembeba mgongoni, nikisikia miguu yake midogo ikinibana mbavu vizuri kuliko miguu ya mtoto mwingine yeyote, kwa kuwa ilikuwa na umbo la kubana. Niliapa moyoni kwamba haitavunjwa.

Shule zilikuwa likizo, na mke wangu alikuwa akiuza mawese sokoni tangu asubuhi. Kwa hiyo kazi ya kutafuta mahali pa kuchezea ilinihusu mimi. Wanawake wa ua wetu walipata cha kuzungumza. Mwanamume mzima, mwalimu, anazunguka mjini na mtoto mgongoni akikagua viwanja. Jirani yetu mmoja alikuwa akiniuliza kila nikirudi kama leo nimeuza kitu.

Nilianza na uwanja wa watoto katikati ya mji, wenye bembea na mtelezo wa chuma, uliojengwa enzi za amani. Tulifika mapema kadiri amri ya kutotembea usiku ilivyoruhusu, lakini chuma kile hakikuwa na mti wa kukifunika. Kabla ya saa tatu mtelezo ulikuwa kama kikaango. Binti yangu aliugusa kwa kidole kimoja, akakitia mdomoni, akanitazama kama niliyemletea chakula kibovu.

Siku nyingine tulikwenda ziwani, upande wa Kibenga. Sijaona mahali pazuri kuliko pale. Upepo upo, mchanga upo, na milima ya Kongo inasimama ng'ambo ya maji. Lakini kivuli hakipo, na viboko wana saa zao za kutoka majini. Halafu tulipokuwa tukirudi askari walikuwa wamefunga barabara. Tulisubiri na watu wengine juani, kila mtu na mzigo wake, mpaka nikavua shati langu na kumfunika kichwa. Nilijifunza hapo kwamba uwanja mzuri ambao huwezi kurudi kutoka kwake haukufai.

Nataka kuyaeleza haya vizuri, kwa sababu wazazi vijana huniuliza, na joto la mji huu halijapungua. Ukitaka kujua kama mahali panafaa watoto, usiangalie bembea kwanza. Weka mgongo wa mkono wako ardhini, uuache hapo kwa muda wa kumsalimia mtu vizuri. Ukiuondoa kabla salamu hazijaisha, ondoka na watoto wako. Angalia maji yako wapi. Angalia utakaa wapi wewe mwenyewe, kwa sababu mtoto hachezi vizuri mbele ya mzazi anayeungua. Na saa nne ya asubuhi, angalia mbuzi wamelala wapi. Mbuzi hakosei.

Mbuzi ndio walionipeleka nilipotaka. Pale Buyenzi wanatembea mitaani wanavyopenda, na asubuhi moja niliwaona wakiingia mmoja baada ya mwingine katika lango la gereji lisilo mbali na kwetu. Niliwafuata.

Ilikuwa miaka ya vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, mafuta hayakuja, vipuri havikuja, na malori yaliyokuwa yakienda mikoani yalikuwa yamelala katika gereji zile, safu mbili yakitazamana. Mafundi walikuwa wamefunga maturubai kutoka lori moja hadi jingine ili wafanye kazi kivulini. Maturubai hayakutosha, kwa hiyo chini palikuwa na kivuli, kisha ukanda wa jua, kisha kivuli, kisha jua. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na magurudumu ya miaka mingi. Kulikuwa na bomba. Kulikuwa na lango la mbele na mlango wa nyuma wa kutokea uchochoroni. Niliinama, nikaweka mgongo wa mkono wangu chini, nikawaza salamu ndefu kabisa, na mkono ukabaki pale pale.

"Umepoteza pesa?" aliuliza mtu nyuma yangu.

Alikuwa mkuu wa mafundi, mzee mwenye kofia ya kitambaa na ndevu zenye mvi, mzaliwa wa mtaa ule ule. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu, kwamba naomba asubuhi tu, kwa mtoto wangu na wenzake wachache wa uani.

"Watoto kwa gereji," alisema polepole. "Mwalimu, shule yako imefungwa, sasa unataka kufungua ingine hapa kwangu?"

Vijana wake walicheka. Binti yangu wakati huo alikuwa ameshaniacha, anamfuata mbuzi kwa mwendo wake wa bata, ndani ya suruali ndefu aliyoshonewa na mama yake. Mzee alimtazama, akaniomba nimwonyeshe. Nilisita, kisha nikapandisha suruali. Alichuchumaa, akatazama kwa makini kama atazamavyo gari lililoletwa likivutwa.

"Chesi ya lori imepinda kuliko hii tumeinyoosha hapa hapa," alisema. "Lakini sisi tunatumia moto. We utatumia nini?"

"Jua, mzee. Na mbio."

"Bon. Jua si yangu, siwezi kukunyima."

Masharti yake yalikuwa machache. Mtoto yeyote asiingie chini ya lori. Kazi ya kuchomelea ikianza, watoto waende nyumbani. Ikisikika bunduki milimani, atagonga ringi ya gurudumu, na hapo watoto wote waingie katika shimo la kukagulia magari, na mimi wa mwisho. Na misumari niiokote mwenyewe. Alinipa sumaku nzito iliyotolewa katika spika mbovu, imefungwa kamba. Kila asubuhi niliivuta kwenye udongo ule mbele na nyuma, kama mtu anayetembeza mbwa mvivu, nikiinua misumari, nati na vipande vya waya. Vijana wa gereji waliniuliza kama mbwa wangu ameshiba. Mara mbili katika kiangazi kile ringi iligongwa. Mara zote mbili tulitoka shimoni wazima, tumepakaa oili, na mzee akatufungulia bomba tunawe.

Mchezo waliuanzisha watoto wenyewe, sikuwafundisha. Kivuli kilikuwa nchi kavu. Ukanda wa jua ulikuwa ziwa, na ziwani kuna mamba. Mamba alikuwa mtoto mmoja anayeruhusiwa kukaa juani. Wengine walitakiwa kuvuka kutoka kivuli hiki hadi kile bila kukamatwa. Nilipouelewa mchezo ule nilikaa juu ya tairi nikacheka peke yangu. Ni kitu kile kile alichokitaka muuguzi: jua kwa vipande, mbio katikati, kivuli kabla ya kuungua. Nisingeweza kupanga vizuri hivyo.

Baada ya wiki kadhaa uvumilivu ulinishinda, nikampeleka zahanati kabla ya wakati wake. Nilikwenda kwa furaha. Muuguzi alikutanisha vifundo, akaingiza ngumi. Ilipita kama siku ya kwanza.

Nilimhesabia yote tuliyoyafanya, mbio za kila asubuhi, ndagala kila jioni. Aliniuliza anacheza amevaa nini. Nikamwonyesha suruali, iliyokuwa imefika hadi kisiginoni. Yule mama alifunika mdomo kwa mkono.

"Mwalimu," alisema, "jua lote hilo mulipatia suruali."

Suruali ile ilikuwa na sababu yake, na mke wangu asilaumiwe. Tulipohamia Buyenzi, mwanamke mmoja pale bombani alimwona binti yetu akija na kikombe chake, akamuuliza mama yake mbele ya watu wote, "Mama, mutoto wako anatembea kama amepanda punda. Punda iko wapi?" Watu walicheka, na hawakuwa na ubaya, watu walitaka kucheka siku zile. Lakini usiku huo huo mke wangu alikata kitenge chake kimoja na kushona suruali mbili.

Jioni ya siku ile ya zahanati nilimweleza aliyoyasema muuguzi. Alileta mkasi, akamsimamisha mtoto juu ya kigoda na kuikata suruali juu ya magoti, mguu mmoja, kisha mwingine. Alikata kwa uangalifu, kama anayeshona. Halafu akasema, "Wakitaka kucheka, wacheke akiwa anakimbia."

Kule gereji hakuna aliyecheka. Mzee alitazama magoti yaliyotoka nje, akasema sasa injini inapata hewa.

Kiangazi kilipokaribia mwisho tulipata habari ambayo kwa mji mzima ilikuwa njema. Mapipa ya mafuta yalikuwa yamefika bandarini kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, na lori moja la safu yetu lilikuwa limepata safari. Liliondoka alfajiri na turubai lake. Tulipofika tulikuta katikati ya uwanja pengo kubwa la jua, mara tatu ya ukanda wowote tuliouzoea. Mzee alinijia kabla sijamsalimia. Alisema amejaribu kumwomba dereva aache turubai, lakini mzigo ni chumvi, hauwezi kusafiri wazi. Nilimshukuru kwa kuomba tu. Nilikuwa nikifikiria mvua, jinsi zilivyokuwa karibu, na muda wa kutafuta mahali pengine haukuwepo.

Watoto hawakuwaza hivyo. Walisimama ukingoni mwa kivuli wakitazama.

"Sasa ndiyo Tanganyika yenyewe," alisema mmoja wao, na wakavuka wote kwa kelele, isipokuwa binti yangu. Yeye alibaki upande wetu peke yake. Mamba akageuka, akamsubiri.

Nilianza kuinuka nikamvushe. Mzee, aliyekuwa na spana mkononi, alinishika begani nikakaa tena.

"Mama," alimwita binti yangu, "mamba amechoka kukungoja. Toa miguu."

Alitoa miguu. Alikwenda kwa mwendo wa bata mpaka karibu na katikati, kisha akaanguka kifudifudi, na mamba, ambaye alikuwa mtoto wa roho nzuri, akasimama kidogo. Binti yangu aliinuka bila kulia. Na kutoka pale hadi kivulini alikimbia. Sisemi alitembea haraka. Nasema alikimbia, nyayo zote mbili zikitoka chini. Tangu siku ile hakuna aliyeweza kumwambia avuke ukanda mdogo.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na asubuhi yake nilimpeleka zahanati. Mke wangu hakwenda sokoni siku hiyo. Alikuja nasi. Muuguzi alimlaza, akakutanisha vifundo, akaleta ngumi yake. Ngumi iligota kwenye goti. Akaufungua mkono, akajaribu vidole vitatu, akavitoa, akajaribu viwili. Viwili ndivyo vilivyopita, tena kwa kubana.

"Hivi viwili," alisema, "vitakwisha vyenyewe."

Mke wangu alikaa kwenye benchi, akaushika mkono wa muuguzi kwa mikono yake miwili, na hakuuachia mpaka yule mama akacheka na kusema kuna wagonjwa wengine. Mwaka uliofuata mipaka ilifunguliwa, malori yote yakaondoka, na gereji ikawa na kazi kiasi kwamba hata mbuzi walifukuzwa. Nilifurahi kwa ajili ya mzee. Sumaku nilimrudishia mwenyewe, akakataa, akasema mbwa ni wangu. Ninayo bado.

Lakini siku ile ya zahanati tulitoka nje sote watatu. Mawingu yalikuwa yamepasuka, jua limetokea, na mimi nilisimama uani nikizungumza na mke wangu, nisijue hata tunazungumza nini. Binti yetu alikuwa ameshateremka mbio mpaka kwenye kivuli cha baraza ya upande wa pili wa ua. Alisimama pale, magoti wazi, akituita kwa sauti ya kutuhurumia.

"Papa, toka hapo na mama. Muko katikati ya ziwa."