Jumamosi ya Kumwaga Oili

Sisi tuliokulia Nyeri miaka ile bendera ilipokuwa bado mpya tunaijua baridi ya Julai, ile ya kufanya uji ushike ngozi kabla hujaufikisha mdomoni. Tulikaa Gatitu, katika nyumba yenye ua wa kayaba, ile miti ya miba. Baba alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa mkoa wa Magharibi aliyeletwa huku na kazi ya serikali, na kazi hiyo ikampa pikipiki. Ilimzungusha kwa wakulima wiki nzima, mara nyingine hadi Doldol, kule kwenye nyika kavu, kuchanja ng'ombe, akarudi mwekundu kwa vumbi hadi nyusi.

Vumbi hilo lilichafua oili upesi, kwa hiyo kila baada ya muda Jumamosi moja ilikuwa ya kumwaga oili. Mambo ya kupeleka kwa fundi hatukuyajua. Baba aliiwasha kwanza, akaiacha ingurume mpaka ipate joto. "Oili baridi ni kama ugali," alisema, "haimwagiki." Kisha akaweka karai chini, akafungua nati ya chini ya injini kwa spana, na oili nyeusi ikatiririka. Kazi yangu ilikuwa chujio. Siku hizo halikutupwa. Lilikuwa wavu mdogo wa waya, nami niliusugua kwa mswaki mkuukuu ndani ya mkebe wa petroli. Oili chafu nayo tulipaka nguzo za lango, mchwa wasizile.

Mama alikuwa na ugomvi wake. "Karai ya nguo za watoto, Baba Felista!" Mwishowe Baba alinunua lake, na Mama akalichora msalaba wa rangi nyekundu, ati shetani asivuke kuja kwenye nguo. Halafu alikaa mlangoni pa jikoni akipukuchua mahindi, akitazama kama mtu asiyetazama.

Jumamosi moja, oili yote ikiwa karaini na chujio likiwa mkononi mwangu, Mama Wangechi aliingia mbio. Alikuwa mjane wa ng'ambo ya mto, na pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Daktari, ng'ombe yangu inakufa! Inasukuma tangu usiku na ndama imekataa kutoka. Naona miguu tu. Na ni hiyo moja tu niko nayo."

Baba aliitazama pikipiki, tupu kabisa. Akaitazama mikono yake, myeusi hadi kwenye viwiko. Mikono ile haingeweza kuingia ndani ya ng'ombe bila kusuguliwa sana, na kwa miguu angefika amechelewa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Baba hajui aanzie wapi.

Mama aliweka ungo chini. "Wewe nawa. Hii nitaifunga mimi."

"Utaifunga vipi?"

"Nimekutazama miaka yote hii. Ulidhani nahesabu ndege?"

Baba alienda kwenye ndoo ya maji moto. Kutoka kule akapaza sauti, "Usikaze nati sana, itakata uzi isishike tena!"

"Sugua kucha!" Mama akamjibu.

Alijifunga leso kiunoni, akalichukua chujio na kuliinua juani. Unyuzi wa kitambaa ulikuwa umenasa kwenye waya. "Felista, rudia." Nilirudia. Alilirudisha mahali pake, akafunga kifuniko, akakaza nati ya chini mpaka ikashika, kisha kidogo tu tena. Mama Wangechi alishika faneli huku midomo yake ikiomba kwa Kikuyu, na Mama akamimina oili mpya polepole. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakitumbukiza, akakiinua Baba aone. Baba alitikisa kichwa kukubali.

Baba alipiga teke la kuwashia, kimya. Akapiga tena, injini ikaitika. Mama aliinama kuchungulia chini. "Haivuji. Nendeni!" Wakaondoka, Mama Wangechi nyuma akikumbatia mfuko wa kamba za kuvutia ndama, macho ameyafumba.

Sisi watoto tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, lakini mpira ulituponyoka kila mara. Mama alirudi kwenye mahindi, nami nikamwona akipukuchua gunzi lililokwisha kitambo. Alasiri tuliusikia mlio kabla hatujaiona pikipiki. Baba alishuka amechafuka kifuani, akicheka.

"Ni jike!"

"Na mama yake?"

"Amesimama, anakula majani."

Mama akauliza, "Na oili?"

"Haikuvuja hata tone."

Tangu siku hiyo, mbele ya wageni, Baba aliacha kusema pikipiki yangu. Alisema pikipiki yetu, na alipokwama na nati alimwita Mama bila aibu.

Siku hizi mpwa wangu anaendesha boda hapo mjini. Nilimwuliza alimwaga oili lini, akashangaa: "Auntie, hiyo si ni kazi ya mekanika?" Nilicheka, kwa maana kucha zake ni safi kuliko zangu. Simlaumu. Mekanika yuko pale stejini, na kijana ana mambo yake kwenye simu. Jumamosi anapokuja kunitembelea tunakunywa chai vizuri, kila mtu na kiti chake, kila mtu na skrini yake. Mimi hutazama nje, penye nyasi na jua, nikikumbuka tulivyokuwa tumeinama pale sote, mikono michafu, tukiomba injini iwake.