Fundi vioo na askari wa dada yake

Hana kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Hana kitabu hata kimoja cha sataranji, na mwalimu wake pekee, baba yake mzazi, alishafariki. Hana farasi mmoja mweupe. Mahali pake anasimamisha kizibo cha chupa. Na hana jibu, bado, la barua iliyokaa mfukoni mwa ovaroli lake tangu Jumatatu.

Saa moja asubuhi fundi vioo anainua mlango wa chuma wa karakana, na kelele zake zinauamsha mtaa. Analaza kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, anakipangusa kwa gazeti, anaweka rula, kisha anavuta kalamu ya kukatia mara moja tu. Anagonga kwa chini. Kioo kinaachana kwa sauti ya mtu anayealisha vidole.

"Ukiurudia mstari, umekiharibu," ananiambia bila kuinua macho.

Siku njema hupata madirisha sita ya kutia vioo. Siku mbaya hupata fremu moja ya picha, na wateja wanaouliza bei kisha wakaaga. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wawili, na hajawahi kumfungia mtu mlango.

Juu ya rafu, kando ya kopo la pati ya kubandikia vioo, upo ubao wa sataranji uliotengenezwa na marehemu baba yake kwa mabaki ya vioo: vyumba vyeusi na vyumba vyenye ukungu. Ndugu wawili walijifunzia hapo, yeye na dada yake mkubwa, ambaye mafundi walimwita Almasi kwa sababu alikata kioo bila rula na kikatoka sawa.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Kioo kikikuponyoka, inua mikono, rudi nyuma, kiache. Akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, fundi aliivunja.

"Kilikuwa kioo kikubwa cha duka," anasimulia. "Niliona hasara, sikuona makali. Nikakidaka." Anakunja mkono wake wa vidole vinne. "Dada ndiye aliyenifunga kwa kanga yake, huku akinitukana njia nzima mpaka hospitali."

Baba alipofariki, aliacha neno kwamba karakana ni ya mtoto wa kiume. Almasi hakubishana. Alikusanya kalamu zake za kukatia, akachukua farasi mmoja mweupe ubaoni, akasema, "Huyu wangu," akahamia mji mwingine, ambako hadi leo anakata vioo katika karakana ya watu.

Simu za mdogo wake hapokei. Lakini baada ya mwaka mmoja ilikuja bahasha yenye maneno machache: askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Fundi akapanga kete, akajibu. Tangu hapo wanacheza kwa posta. Almasi ndiye huanza kila mara, kwa kuwa farasi mweupe yuko kwake, na kete nyeupe ndizo huanza.

Na kila mara humletea chambo kilekile. Hatua ya pili tu, anamsukuma askari mwingine hadi mdomoni mwa askari wa mdogo wake, wa bure kabisa, kama mtu aliyesahau pochi mezani.

"Mkono unawasha," anasema fundi. "Unajua kabisa kuna jambo, lakini utamwachaje? Nachukua. Halafu nahangaika kumlinda askari wangu aliyemchukua."

Hapo ndipo mambo huharibika. Wakati yeye anawapanga askari wake kulinda ushindi mdogo, kete za dada yake zinatoka nje moja baada ya nyingine na kumwelekea mfalme. Amefungwa hivyo michezo yote.

Katika mchezo wa sasa pia amekwisha kumchukua askari wa bure, na barua ya Jumatatu ilileta hatua ya tatu: farasi ametoka. Chini yake, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, palikuwa na sentensi nzima. Fundi anaisoma kwa sauti ya chini: "Ukinifanyia yaleyale na safari hii, sitaandika tena, nimechoka kukufunga."

Anaikunja. "Hizi barua ndizo undugu wetu uliobaki. Sina kingine cha kwake."

Saa saba mchana anavuka barabara na ubao kwapani. Kinyozi wa upande wa pili ndiye mpinzani wake wa kila siku.

"Karibu, Bwana Ng'ang'ania!" kinyozi anapaza sauti, na mteja aliyepakwa sabuni anacheka hadi wembe unasimamishwa. "Leo nikunyoe kichwani au ubaoni?"

"Malizana na mtu wako, acha maneno. Nataka uchezee kete za dada."

Mteja anapoondoka, kinyozi anapanga kama alivyopanga Almasi. Fundi anamchukua askari wa bure, kisha askari wake aliyemchukua anamlinda kwa huyu, anamlinda kwa yule. Muda si muda kinyozi anasugua viganja.

"Tazama, mfalme wako bado yuko na nguo za kulalia, na mimi niko sebuleni!"

Mke wa fundi anaingia na chakula katika sufuria ndogo iliyofungwa kitambaa. Hajui kucheza, na hataki kujua. Anasubiri nafasi ya kuweka sahani, nafasi haipatikani.

"Baba watoto, huyu mnayemgombania hapa katikati anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi. Namlinda tu."

"Wangapi wanamlinda?"

Fundi anahesabu. "Watatu."

"Watatu wanamlinda mmoja asiyefanya kazi! Hiyo ni ofisi ya bosi gani?" Anasukuma kete kando, anaweka sahani. "Si umrudishie wifi yangu askari wake, watu wale?"

Kinyozi anacheka mpaka kitana kinamdondoka. Fundi hacheki. Chakula kinapoa mbele yake.

Anapopanga tena, hamlindi askari yule. Anamsogeza askari wa mbele ya malkia hatua mbili, palipo wazi, amchukue anayetaka. Kinyozi anamtazama usoni, kisha anamchukua. Sasa wamelingana. Lakini njia zimefunguka: maaskofu wawili wa fundi wanaona hadi upande wa pili, farasi anatoka, mfalme anahamia pembeni palipo salama. Kinyozi anatafuta pa kuingilia hadi wateja wawili wanakaa benchini kumngojea. Mwishoni anakubali sare, na si kwa furaha.

"Nani kakufundisha?"

"Muulize shemeji yako."

Aliporudi karakana hakushika kazi mara moja. Alisimama barabarani, akatazama kibao cha juu ya mlango: "Vioo, Baba na Mwana". Nilimuuliza kama bado anafikiria mchezo.

"Dada alikuwa ananishinda kukata," alisema, bado akikitazama kibao. "Mtaa mzima unajua. Baba naye alijua. Mimi nilipewa, nikapokea, nikanyamaza. Nikajiambia, kama ana neno si aseme."

"Na kama hatarudi?"

"Asirudi. Lakini asikae huko akidhani bado nimekumbatia kila kitu."

Jioni hiyo aliondoa makreti yaliyorundikwa juu ya meza ya dirishani, ile yenye mwanga mzuri, ambayo ilikuwa ya Almasi. Akaifuta, akatandika blanketi safi. Mchora vibao atakuja wiki ijayo kuyafuta maneno ya zamani. Maneno mapya, anasema fundi, yatasubiri ridhaa ya Almasi mwenyewe.

Kisha akaketi kuandika. Aliandika pole pole, akiipinda karatasi kidogo kama mtoto anayeficha hesabu, lakini alipomaliza aliniruhusu kusoma.

"Dada. Askari wa mbele ya malkia, hatua mbili. Mchukue. Na nusu ya karakana ni yako, hata ukikaa hukohuko. Ukija, njoo na farasi."

Alilamba ukingo wa bahasha, akaubana mezani kwa mkono wa vidole vinne mpaka akaridhika. Sanduku la posta liko kando ya kinyozi. Kinyozi alitoka mlangoni, taulo begani.

Fundi aliingiza bahasha nusu katika mdomo wa sanduku, akaishikilia hapo. Halafu akaiachia. Ilipodondoka ndani, aliinua mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja.