Miguu ya Hadija Ilivyotupeleka Dodoma

Tulisafiri kwenda Dodoma kwa sababu miguu ya Hadija ilikataa kupungua uvimbe. Hadija ni mwanangu wa kwanza, yuko kidato cha pili. Valvu za moyo wake ziliharibika tangu akiwa shule ya msingi, baada ya kuugua koo mara kwa mara na sisi tukidhani ni mafua tu. Siku hizi hata figo zimeanza kulegea. Ana sindano ya kila mwezi na dawa za kutoa maji mwilini, na amekatazwa kukimbia, kubeba ndoo na kula chumvi. Hilo la chumvi nililisimamia mwenyewe kama askari wa zamu. Kwenye nyumba yangu pakiti ya chumvi hailali.

Hata hivyo dawa ziliongezwa, zikaongezwa tena, na miguu ikazidi kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kliniki iliyopita daktari bingwa alinieleza waziwazi kwamba mgonjwa aliyejaa maji hapelekwi kwenye upasuaji, na tukirudi katika hali ileile suala la kumpasua litafungwa. Bila upasuaji, mwanangu hana miaka mingi. Basi ndivyo nilivyoondoka nyumbani kwetu Mwankoko, nikijua miguu haijapungua hata kidogo.

Asubuhi, stendi ya Singida. Hadija alivaa kandambili za baba yake kwa kuwa hakuna kiatu chake kinachoingia. Nilimkalisha dirishani, miguu juu ya begi. Tulipoipita Ikungi alikuwa bado anasinzia, nami nikawa napanga kichwani majibu ya kumpa daktari. Mimi ndiye ninayejibu siku zote. Dawa anakunywa saa ngapi, analala vipi, anachoka akipanda wapi, yote ninayo.

Mkiwa. Basi lilisimama na wauzaji wakaja madirishani na vitunguu, asali na kuku waliofungwa miguu. Mama mmoja aliyekaa kiti cha jirani alikuwa akimtazama Hadija tumboni tangu tulipoondoka, maana maji yanajaa na huko. Akaniinamia akaniuliza, kwa mnong'ono ambao nusu ya basi iliusikia, mimba ya binti ina miezi mingapi. Nilimjibu kwamba ni ugonjwa wa moyo, nikaongeza na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa. Alinipa pole, akaangalia chini. Hadija aligeuza uso dirishani akawatazama wale kuku hadi basi likaondoka.

Mchana, Manyoni. Hadija hawezi kukaa kwenye basi hadi Dodoma kwa mkupuo, kwa hiyo huwa tunalala kwa dada yangu Mwanaidi. Hadija alimwamkia mama yake mkubwa, akawekewa mkeka kivulini. Kwetu mgeni akija hali chakula cha mkato. Dada alisonga ugali wa uwele, akapika mlenda wa kukausha, ukavutika vizuri mpaka unaukata kwa kidole.

"Sijatia chumvi hata chembe, mdogo wangu," aliniambia. "Nimetia magadi tu."

Nilimshukuru. Si kila ndugu anakumbuka masharti ya mgonjwa. Hadija alikula akamaliza, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, nami nikafurahi kumwona mtoto ana hamu ya kula.

Siku ya pili, Dodoma. Tulifika hospitali watu wameshajaa kwenye mabenchi. Hadija alipimwa uzito, akapigwa picha ya moyo, tukaitwa. Daktari bingwa ni mwanamama mpole anayeongea taratibu. Aliangalia vipimo, akabonyeza miguu, akarudia vipimo. Kisha akauliza anakula nini nyumbani. Nikaanza kujibu, chakula bila chumvi, sukari kidogo, nyama ya...

"Mama, nimemuuliza yeye," alisema.

Katika miaka yote ya kliniki hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Hadija alianza na uji wa asubuhi, akasema mchana ni ugali na mlenda, jioni pia ugali na mlenda, kwa sababu ndiyo mboga yetu. Daktari akamuuliza mlenda unapikwaje. Hadija alinitazama kwanza, ndipo akajibu kwamba unachemshwa na magadi.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mama, magadi ni chumvi."

Nilimwambia hapana, daktari, magadi ni magadi. Chumvi nimeitoa, hakuna chumvi nyumbani kwangu. Nilimweleza kama mtu anayemweleza mgeni asiyejua jiko la kwetu. Magadi tunayakwangua mbugani, ni ya kulainisha mboga, ni ya kuufanya mlenda uvutike, hayana kazi ya kukoleza chakula. Alinisubiri nimalize. Ndipo akasema kwamba kinachoshika maji mwilini kipo kwenye vyote viwili, na moyo wa Hadija haujui kipi kimetoka dukani na kipi kimetoka mbugani.

Niliisikia feni, nilimsikia mtoto akilia chumba cha pili, sikusikia kitu kingine. Daktari aliendelea kwa upole uleule. Asubuhi ile yeye na madaktari wenzake walikuwa wameshakubaliana kwamba dawa zimeshindwa, kwamba moyo umechoka mno kwa upasuaji. Alikuwa ametuita ndani ili atuambie hivyo. Sasa asingesema. Tuache magadi kabisa, turudi mwezi ujao, wapime upya ndipo waamue. Hakuahidi chochote zaidi ya hapo.

Jioni, Manyoni tena. Nilipomwambia dada, alijishika kinywa akakaa pale pale alipokuwa amesimama. "Na jana nimemtilia kwa mkono wangu," alisema. Nikamwambia mimi nimemtilia miaka. Chakula kilipikwa, tukakitazama.

Siku ya tatu, njia ya kurudi. Tulipoiacha Manyoni nilikuwa bado narudiarudia yale maneno, nikimlalamikia Hadija kwamba hakuna mtu aliyetuambia, manesi wote wale, kliniki zote zile, wao wanasema chumvi chumvi tu, sisi tungejuaje. Alinisikiliza kwa muda. Kisha akasema, akiwa anaangalia nje:

"Mimi nilijua, mama."

Nikamuuliza alijua nini.

"Tulifundishwa shuleni mwaka jana. Mwalimu alileta magadi darasani, akatuambia ni jamii ya chumvi."

Yale ya daktari yalinipiga, lakini haya yalinimaliza. Nilitaka kumzaba kibao, nilitaka kumkumbatia, sikufanya hata kimoja. Mwaka mzima nimemwona akivimba, nimelia jikoni, nimeamka kumsikiliza kama anapumua, kumbe analijua jibu na ananyoosha bakuli aongezewe. Basi liliposimama Mkiwa ndipo nilipomuuliza.

"Ulitaka kufa?"

"Hapana, mama. Nilitaka kula."

Nilikaa na jibu hilo njia nzima hadi Ikungi. Mpira alikatazwa, akakubali. Ndoo ya maji, ambayo wenzake huenda nayo kisimani wakicheka, alikatazwa, akakubali. Chumvi nilimnyang'anya mimi. Kwenye sahani yake kilibaki kitu kimoja chenye ladha ya nyumbani, naye alijua akikitaja nitakitoa siku hiyo hiyo. Na ni kweli, ningekitoa, tena bila kumuuliza. Hasira ilikuwepo bado, sidanganyi. Lakini sikuweza tena kuielekeza kwake peke yake.

Alasiri, Mwankoko. Nilibandika mlenda bila magadi. Haukuvutika, ulibaki makapi na maji. Tulikula wote sufuria moja, mimi na baba yake pia. Hadija alitafuna, akasema ni mbaya sana, nikakubali ni mbaya sana. Ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu tutoke.

Mwenzangu mwenye mgonjwa wa moyo au wa figo, nimekuandikia haya kwa ajili ya magadi. Yatoe jikoni leo. Mwezi ujao tutajua kama tuliwahi au tulichelewa.

Baada ya chakula nilimuuliza Hadija kama kuna mambo mengine anayoyajua kuhusu ugonjwa wake ambayo hajawahi kuniambia. Alifikiri kidogo, akasema yako mengi.

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamwambia aanze.